Hajarah na Rangi ya Chini ya Jicho

Hamjambo huko mliko, wasikilizaji wapendwa. Mlio upande wa Uganda, mlio upande wa Kenya, na nyinyi mlio hapo katikati mkingoja geti lifunguliwe, nawasalimu wote. Ni mimi Elinah, bibi yenu. Vuteni kigoda. Kama chai iko, mimineni kabisa, maana leo sitaharakisha.

Jumanne iliyopita, hapa Busia, tumempoteza mama Hajarah. Wengine mlimwita Hajati, naye alikuwa anakataa, anasema, "Makka sijafika, msinifikishe kwa mdomo." Wengine mlimwita Mama Zubaida, kwa jina la binti yake. Alikuwa na miaka themanini na miwili hivi. Nasema hivi kwa sababu mama yake alihesabu kwa nzige, na nzige walikuja mara mbili. Amezikwa siku hiyo hiyo, kabla ya alasiri, kama dini yake inavyotaka.

Hajarah alikuwa fundi wa uso. Nirudie, kwa yule aliyewasha redio sasa hivi: fundi wa uso. Alipaka mabibi harusi wa Busia na Tororo, Waislamu kwa Wakristo. Na miaka ile ya sabini, wanajeshi walipotawala, alipaka pia wanawake ambao hawakuwa wanakwenda harusini. Mmoja wa hao yuko hai. Anaitwa Specioza. Tutafika kwake polepole.

Nilipokwenda matangani nilimkuta kaka yake Hajarah, mzee Mutwalibu, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Huyu mzee alikuwa akipaka rangi malori huko Tororo. Nikamwuliza, "Kaka, huyu dada yako alianza lini mambo ya nyuso?"

Akacheka kidogo. "Alizaliwa nayo, mama. Tulikuwa tunauza vitumbua sokoni na mama yetu. Watoto wengine wanaangalia vitumbua visipungue. Hajarah anaangalia wateja. Siku moja akauliza kwa sauti kubwa, 'Mama, kwa nini yule mama ni mweusi juu lakini ndani yake kuna nyekundu?' Mama akampiga na mwiko. Akamwambia, 'Wacha kuchungulia watu kama unachagua nyanya!'"

Hakuacha. Shule aliishia darasa la tatu. Akaolewa na Dauda, dereva wa lori, mtu mpole asiyepiga honi ovyo. Akaishi Tororo, chini ya lile jiwe kubwa, mahali ambapo vumbi la simenti lilikuwa linaingia mpaka kwenye mchuzi. Hapo Tororo palikuwa na duka la mama mmoja wa Kihindi, na Hajarah alikuwa akimfulia. Mwaka wa sabini na mbili Wahindi walipoambiwa waondoke, yule mama alimpa boksi moja. Akamwambia, "Chukua, Hajarah. Ndege haitaki mzigo."

Ndani ya boksi mlikuwa na vikopo kumi na viwili vya poda. Zubaida, binti yake, alikuwa mdogo wakati huo, lakini anavikumbuka. Anasema vyote vilikuwa rangi moja. "Bibi Elinah, ilikuwa rangi ya ndani ya sikio la mtoto wa paka." Sasa fikirini, wasikilizaji. Rangi ya ndani ya sikio la paka. Na wateja wa Hajarah ni sisi hawa.

Hapo ndipo alipokosea. Na kosa lake lilikuwa la watu wa dini yake na desturi yake. Kwao, bibi harusi anapambwa ndani, pazia limeshushwa, taa inawaka, na akitoka amefunikwa. Watu watauona uso wake baadaye, ndani kwa ndani. Basi mwaka wa sabini na tatu akaitwa kijiji cha Kwapa kumpamba Amulen, msichana wa Kiteso aliyekuwa anaolewa kanisani. Hajarah akafanya alivyofunzwa. Akashusha pazia. Akawasha taa. Akampaka Amulen ile poda ya sikio la paka, na kwenye mwanga wa taa msichana akang'aa kama chungu kipya.

Lakini Amulen hakutoka amefunikwa. Amulen alitoka uwanjani, saa tano mchana, jua juu ya kichwa, watu mia mbili wanamwangalia. Uso ukawa wa kijivu. Shingo nyeusi tii, uso kijivu, kama amechovya kichwa kwenye jivu. Shangazi yake akasimama kwenye kiti akauliza, "Hajarah! Umetuletea bibi harusi, au umetuletea mtu aliyetoka kusaga mihogo?" Upande wa bwana harusi ukaangua kicheko. Amulen akajifuta kwa pindo la gauni, ikawa michirizi. Na ndivyo alivyopigwa picha.

Sasa mtu mwingine angejificha. Hajarah alikaa wiki mbili, akachukua kuku, akaenda Kwapa kuomba msamaha. Amulen mwenyewe, ambaye sasa naye ni nyanya, alinisimulia hapo matangani huku akimenya karanga.

"Nilimwambia, kuku nitakula. Lakini uso wangu wa siku ile utanirudishia lini?"

"Akajibu nini?"

"Akanishika mkono, akaugeuza, akaangalia hapa ndani ya kifundo, penye mishipa. Akauvuta mpaka mlangoni penye jua. Akasema, 'Kumbe! Wewe ni zambarau.' Mimi nikamwambia, 'Zambarau ni mama yako.' Yeye hata hakusikia. Alikuwa anafikiri."

Na kweli alikuwa anafikiri. Alikuwa ameona jambo. Weusi si mmoja, wasikilizaji wapendwa. Wanawake wawili wanaweza kuwa weusi sawasawa, ukawaweka bega kwa bega, bado chini ya ngozi kila mmoja ana rangi yake. Hajarah alizipa majina. Kuna ngozi ya tofali: chini yake nyekundu. Kuna ngozi ya asali: chini yake njano. Kuna ngozi ya zambarau: chini yake buluu, kama tunda lile linalopaka ulimi. Na kuna ngozi ya karanga, isiyoegemea popote. Hiyo, alisema, ni ya watu wenye bahati, kila kitu kinawakubali.

Utajuaje yako? Alikuwa anakukalisha mlangoni, asubuhi, uso nje, mgongo ndani. Taa haitakiwi. Anaosha uso wako kwa maji matupu. Anakuwekea begani kanzu ya Dauda, nyeupe kabisa. Halafu anaiondoa, anaweka kipande cha marekani, kile kitambaa ambacho hakijafuliwa, cha rangi ya maziwa yaliyolala. Anarudi nyuma hatua tatu. Ngozi ya zambarau inaamka kwenye nyeupe, inachoka kwenye marekani. Ngozi ya asali ni kinyume chake. Kisha anaangalia mishipa ya mkono: ya kijani, wewe asali; ya buluu, wewe zambarau. Lakini rangi yenyewe hakuijaribu mkononi. Aliijaribu kwenye taya, karibu na shingo. Alikuwa akisema, "Mkono unafanya kazi juani, una mambo yake. Uso na shingo ni ndugu wa tumbo moja. Usiwagombanishe."

Basi poda ya kufaa aitoe wapi? Dukani hakuna. Siku hizo hata sabuni ilikuwa inavuka mpaka kwa magendo. Akatengeneza. Udongo wa kichuguu, anaukaanga kwenye kikaango kikavu, anauchuja kwa kitambaa cha kichwa mara saba. Masizi ya sufuria. Manjano ya jikoni. Unga wa muhogo, wa kulainisha. Na kwa ngozi ya zambarau alitia buluu, ile ya kufulia kanzu, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilishtuka nikamwuliza Zubaida, "Buluu ya kufulia?" Akasema, "Buluu ya kufulia, bibi. Akizidisha kidogo, mtu anakuwa maiti. Akipatia, anakuwa yeye mwenyewe."

Na alijaribu kwa nani? Kwa Amulen. Kila Alhamisi Amulen alitoka Kwapa kuja soko la Tororo, akamaliza kuuza, akaketi mlangoni kwa Hajarah, akatoa mkono na taya. Alirudi nyumbani na mistari kumi. Mume wake alimwuliza, "Nimeoa mwanamke au nimeoa punda milia?" Mume huyo alikuwa na mizinga ya nyuki. Nta ya kushikisha rangi ilitoka kwake, kwa hiyo tusimcheke sana.

Ilichukua mwaka na zaidi. Siku moja Amulen akapakwa kwenye taya, akapewa kioo, akatafuta alipopakwa. Hakupaona. Akasema, "Hujanipaka bado." Hajarah akaketi chini akacheka mpaka machozi.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja hakijampa njia. Weusi wa chini ya macho.

Mnaujua, akina mama. Ule weusi wa mtu asiyelala. Miaka ile ulikuwa kwa watu wengi. Hajarah alipaka rangi ya ngozi juu yake, ikatoka jivu. Akapaka nyeupe zaidi, ikatoka jivu zaidi. Jivu lilelile la harusi ya Amulen. Akakasirika, akaenda gereji kwa kaka yake.

Mzee Mutwalibu anasema siku hiyo alikuwa na lori la njano lililogongwa mlango, na mlango uliowekwa ulitoka kwenye lori la buluu nzito. "Dada akafika anaongea peke yake. Akaniuliza, 'Wewe ukitaka kuficha hii buluu, unapiga njano juu?' Nikamwambia, wapi! Ukipiga njano juu ya giza, itatoka uchafu. Kwanza unapiga ile nyekundu ya kutu. Inakula giza. Ikikauka, ndipo unapiga njano. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, 'Nyekundu? Juu ya weusi?' Nikamwambia, 'Lakini dada, uso si gari.' Akajibu, 'Na gari si uso, lakini vyote vinapigwa na jua.' Akaondoka mbio. Hata hakuniaga."

Alikwenda kutafuta mti wa mzingefuri, ule wenye maganda ya miba na mbegu nyekundu ambazo watoto hujipaka mdomoni. Akaziponda, akachanganya na manjano kidogo na nta. Ikatoka rangi ya embe lililoiva sana. Akaigusisha chini ya jicho lake mwenyewe kwa kidole cha pete, kwa sababu, alisema, kidole hicho ni kivivu, hakibonyezi kwa nguvu. Nyembamba. Akangoja. Juu yake akaweka rangi ya ngozi yake. Nyembamba. Weusi ukaondoka.

Nyekundu kwanza, ngozi baadaye. Alikuwa akisema hivyo kama dua.

Na alijua jambo la pili, lishikeni vizuri, maana habari yetu yote imekaa juu yake. Rangi huficha weusi. Rangi haifichi uvimbe. Jicho likivimba kwa kulia, upake nini, uvimbe utaonekana tu. Na ukipaka rangi nyepesi ndiyo utaonekana zaidi. Uvimbe dawa yake ni baridi na subira. Kijiko kilale ndani ya mtungi wa maji, kiwekwe juu ya jicho, kirudi mtungini, kije kingine. Na usilie tena.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, amri zilikuwa zimetoka. Sketi fupi marufuku. Wigi marufuku. Krimu za kung'arisha ngozi marufuku. Na kwenye kizuizi cha barabarani askari hakukaa kutofautisha krimu na poda. Barabara ya Tororo kuja Busia ilikuwa na kizuizi, na kizuizini palikuwa na askari mmoja ambaye akina mama walimpa jina la Bwana Kitambaa. Alikuwa na kitambaa cheupe mfukoni. Mwanamke akishuka, anampangusa uso. Kitambaa kikitoka na rangi, mwanamke anawekwa kando. Waliowekwa kando, wengine walirudi na wengine hawakurudi.

Sasa ndiyo tumefika kwa Specioza.

Specioza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Tororo. Mumewe, Okanya, alikuwa karani. Mwaka wa sabini na saba, saa nne asubuhi, watu walimtoa Okanya kazini kwake, wakamtia kwenye gari. Koti lake lilibaki kwenye kiti. Hakuonekana tena. Specioza alikaa siku tisa hajui kama ni mke au ni mjane. Hakuna maiti, kwa hiyo hakuna matanga. Na kumlilia mtu aliyechukuliwa ilikuwa ni kama kuwashtaki waliomchukua. Alilia kwenye mto, mlango umefungwa. Alikwenda shule, akafundisha hesabu, akarudi, akalia.

Siku ya tisa rafiki wa Okanya akapita dirishani, akasema neno moja bila kusimama: "Wameuliza nyumba yako." Akaenda zake.

Ilibidi avuke. Yeye na mtoto wake wa mgongoni, Benedeta. Njia za vichakani wiki hiyo zilikuwa zimejaa askari waliokuwa wakikamata watu wa kahawa ya magendo. Imebaki barabara. Mwalimu mkuu akamwandikia barua kwamba anakwenda Lumino, huku huku Uganda karibu na Busia, kumwona mama yake mgonjwa, na kwenye barua akaandika jina lake la utotoni, si la mumewe. Jina liliweza kubadilishwa. Lakini kizuizini walikuwa wanatafuta wake za watu waliochukuliwa, na hawakuwatafuta kwa majina. Waliwatafuta kwa macho. Mwanamke aliyelia siku tisa, macho yake ni barua tosha.

Dauda, mume wa Hajarah, alikuwa anapeleka simenti Busia kesho yake. Akakubali kumbeba. Hajarah akaitwa, akaja asubuhi na mtungi wake.

Specioza ananiambia, "Alinikuta nimekaa kama gunia. Hakunipa pole. Alinishika kidevu akanigeuzia mlangoni. Akasema, 'Mwalimu, wewe ni asali.' Nikamwambia, 'Mama Zubaida, wewe unaongea asali na mimi nakufa?' Akasema, 'Hufi leo. Leo tunafanya macho.'"

Vijiko vinne vilikuwa mtungini tangu alfajiri. Akampoza saa nzima, kijiko baada ya kijiko. Kila Specioza akitaka kulia, Hajarah anampiga kofi dogo la goti. "Acha. Acha, mwalimu. Weusi nitakuchukulia mimi. Uvimbe ni wako. Ukilia, siwezi kitu. Usilie mpaka ng'ambo. Umesikia? Mpaka ng'ambo."

Macho yaliposhuka, akapaka. Nyekundu kwanza. Akangoja nta ikamate. Ngozi baadaye, kichuguu na manjano, kwa ngozi ya asali. Chini ya macho tu. Mashavuni hakuweka kitu, pajini hakuweka kitu. Akarudi nyuma hatua tatu. Akaangalia. Halafu akafanya jambo ambalo Specioza hakulielewa: akamwambia Dauda, "Huyu hapandi mbele. Mpandishe nyuma, juu ya mifuko."

Dauda akashangaa. "Mama na mtoto? Juu ya simenti? Watafika kama panya wa kinu!"

"Ndiyo nataka wafike hivyo," akasema Hajarah. "Mtoto mfunike na kanga mbili. Mama muache."

Walifika kizuizini saa sita. Mapipa mawili na gogo la mti. Specioza akashuka, mtoto mgongoni. Bwana Kitambaa akaja. Naomba niwape maneno kama Specioza alivyonipa.

"Wewe mama, toka wapi?"

"Tororo, afande. Nakwenda Lumino. Mama yangu iko mgonjwa."

"Lete barua." Akasoma. Akamwangalia. "Kwa nini macho yako iko nyekundu? Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, afande. Ni simenti. Nimekaa juu ya simenti."

Askari akatoa kitambaa. Akapangusa paji la uso. Kitambaa kikatoka kijivu. Akakiangalia. Akapangusa shavu. Kijivu. Specioza anasema hapo alimkumbuka Okanya, koti lake kwenye kiti, na akahisi machozi yanapanda kama maziwa jikoni. Akajiambia, mpaka ng'ambo. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo, jedwali la saba, lile alilowafundisha watoto. Saba mara moja saba. Saba mara mbili kumi na nne.

Askari akaleta kitambaa chini ya jicho.

Akapangusa mara moja, polepole. Vumbi likatoka. Na chini ya vumbi palikuwa na nini? Palikuwa na ngozi. Ngozi ya mwanamke aliyelala usiku kucha. Askari akakigeuza kitambaa. Kijivu, na ndani ya kijivu wekundu kidogo, kidogo sana.

"Hii nyekundu ni nini?"

Ndipo Dauda, mtu mpole asiyepiga honi, akatoa kichwa dirishani. "Afande, kwani hii barabara ni ya lami? Kupangusa na mimi basi!"

Askari wengine wakacheka. Bwana Kitambaa akaangalia barabara, vumbi lote jekundu mpaka kwenye majani. Akaangalia kitambaa chake, kilivyoharibika. Akasema, "Wewe mama, nenda kuoga. Unatisha watu." Akasukuma gogo.

Lile jivu, wasikilizaji. Jivu lile lililomwaibisha Hajarah mbele ya watu mia mbili kule Kwapa. Safari hii aliliomba mwenyewe, la simenti, lifunike rangi yake.

Busia ni mji mmoja uliokatwa kwa kamba. Specioza aliingia nyumba moja upande huu, akatokea mlango wa nyuma upande ule. Akawa ng'ambo. Alikaa huko mpaka utawala ule ulipoanguka. Akarudi, akafundisha tena, akastaafu. Okanya hakurudi. Mpaka leo hakuna anayejua alipolala.

Hajarah naye aliendelea. Aliwapaka wangapi? Zubaida hajui. "Mama hakuhesabu. Wengine hata hakuwauliza majina. Alisema jina ni mzigo, mimi naangalia taya tu." Baada ya vita vilivyouangusha utawala ule alihamia Busia. Poda zikaja, za kila rangi, kwenye vikopo vya kung'aa. Wasichana walimletea wakimwuliza ipi ni yao, naye bado aliwatoa mpaka mlangoni, bado aliwawekea kanzu begani. Kanzu ya Dauda, ambaye alikuwa ameshatangulia. Mwaka jana macho yake yaliingia ukungu. Alipapasa taya za watu kwa kidole cha pete akauliza, "Mlangoni kuna jua?"

Alipofariki, waliomwosha hawakumpaka kitu, kwa kuwa dini yake hairuhusu. Zubaida alikuwepo. Anasema chini ya macho ya mama yake palikuwa peusi sana. Hakuwahi kupaona hivyo. Miaka yote mama yake alikuwa anajipaka kila asubuhi kabla watoto hawajaamka.

Siku ya tatu ya matanga, nikiwa pale, Specioza akaingia. Anatembea kwa fimbo, binti yake Benedeta amemshika mkono. Macho yake yalikuwa yamevimba, mekundu, yanatiririka. Zubaida akaamka upesi, akaenda mtungini, akatoa kijiko. Ni mtoto wa fundi, mnajua. Akapiga magoti mbele ya Specioza akamwekea kijiko jichoni.

Specioza akakitoa taratibu, akamrudishia.

"Acha, mwanangu. Mama yako aliniambia nisilie mpaka ng'ambo. Nilifika ng'ambo, mtoto huyu akawa ananiangalia, nikasema nitalia kesho. Kesho nikatafuta kazi. Kesho nyingine nikasahau ilivyokuwa inafanywa. Okanya sikumlilia tena tangu siku zile tisa. Jumanne nimeambiwa Hajarah amekufa, yakaja machozi ya wote wawili pamoja. Acha macho yavimbe."

Zubaida akaketi na kijiko chake mapajani. Amulen akasogea kwenye mkeka kumpisha Specioza.

Kwa Zubaida na ndugu zako wote, kwa mzee Mutwalibu, kwa Amulen uliyetoa taya yako, kwa mama Specioza na binti yako Benedeta, kituo hiki kinawapa pole, na mimi bibi yenu nawapa pole yangu mwenyewe. Mungu amlaze Hajarah mahali penye mwanga mzuri.

Na nyinyi mnaonisikiliza, nawaachia kazi ndogo. Kesho asubuhi mtu wa nyumbani mwenu akipita mlangoni, mwangalieni usoni, kwenye jua, hatua tatu nyuma. Mkiona pale chini ya jicho pamelainishwa vizuri sana, msisifie tu poda. Mwulizeni kama amelala.